Mfalme Nyuma ya Mlango

Wifi yangu alikuwa na mfalme chumbani kwake, na mfalme huyo alikaa nyuma ya mlango. Ukiufungua mlango humwoni. Ukiufunga, huyo hapo: amepanda tembo mkubwa kuliko tembo wengine wote, ameketi chini ya kibanda cha rangi ya dhahabu, mkono mmoja ameuinua kidogo kama mtu anayewaambia watu, "Basi, yatosha." Yeye na tembo wake na kibanda chake, wote pamoja hawakuzidi shibiri moja. Mbele yake na nyuma yake walikuwapo wengine arobaini na watano, watu na wanyama, wengi wao urefu wa kidole cha kati, wa udongo, wamepakwa rangi kwa mkono, kwa brashi ambayo mimi nadhani ilikuwa na unywele mmoja tu. Ulikuwa msafara wa kifalme wa Bara Hindi, wa siku ya sherehe kubwa.

Nimekaa na wifi huyu chini ya paa moja miaka ishirini na miwili. Wanaojua maana ya wifi wataelewa kwamba hiyo si habari ndogo. Kwa hiyo nitakayoyasema sikusimuliwa, isipokuwa yale ya ujana wake, na hayo nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba akikosea mahali namsahihisha.

Watu walimwita Vifungo. Alifanya kazi kiwanda cha mashati miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo hakushona kola wala mfuko. Alishona vifungo na matundu yake, basi. Shati lake likichakaa, kitambaa kilikatika, kola ikapukutika, kifungo kikabaki kimening'inia pale pale na kipande chake cha nguo. Wenzake walikuwa wakisema, ukizikwa na shati la Vifungo, siku ya kufufuliwa utaamka umefungwa mpaka shingoni. Yeye alicheka taratibu, maana hata kucheka alicheka kama anayepitisha uzi kwenye sindano.

Ng'ambo ya geti la nyuma la kiwanda palikuwa na duka jembamba la shanga, na mwenye duka alikuwa mzee mmoja ambaye babu zake walitoka Bara Hindi. Wafanyakazi walimwita Mzee wa Shanga. Wifi alikwenda pale saa ya mapumziko kununua vifungo vya lulu bandia vya gauni lake mwenyewe, akamwona mtu wa udongo juu ya meza, karibu na mizani: amevaa kilemba cheupe, amebeba kiriba cha maji begani, mkono umeshika mdomo wa kiriba.

"Huyu nani?" akauliza.

"Huyu ndiye anayetangulia," Mzee wa Shanga akamjibu. "Ananyunyizia njia maji, vumbi lisimpate mfalme."

"Mfalme yuko wapi?"

"Anakuja."

"Anakuja lini?"

"Binti yangu, mfalme mwachie mwenyewe. Kwanza niambie huyu anatazama wapi, ndipo nitakuuzia."

Wifi akasema anatazama chini, anakomwaga maji. Mzee akatikisa kichwa, akamrudisha mbeba maji mezani, akasema rudi kesho. Kesho yake wifi akasema anatazama mbele. Rudi kesho. Siku ya nne ndipo akaliona. Macho ya yule mtu yalichorwa pembeni kabisa, vitone viwili vyeusi vimejibanza kwenye kona. Alikuwa akichungulia nyuma bila kugeuza kichwa, aone kama wenzake wamekaribia.

"Mchukue," Mzee wa Shanga akasema. "Amekuwa wako."

Ndivyo alivyowauza wote. Alikuwa na kreti zima nyuma ya duka, wamelazwa kwenye majani makavu, wamerithiwa kwa shangazi yake. Hakumuuza wa pili mpaka mnunuzi amemwambia wa kwanza anatazama wapi, na wa tatu vivyo hivyo. Wateja wengine walikasirika wakaenda kununua sanamu za plastiki. Wifi yangu alibaki. Kila miezi kadhaa alipata mmoja: mpiga zumari anayemtazama mpiga ngoma, mpiga ngoma anayetazama kwato za farasi, mbeba bendera anayeitazama bendera yake kwa wasiwasi kama mwanamke aliyeanika nguo na mawingu yanakuja. Wote walitazamana. Macho yalipokezana kutoka kwa wa kwanza hadi wa mwisho kama ndoo kwenye foleni ya kuzima moto. Ilimchukua miaka kumi na tisa. Mfalme alikuja mwisho kabisa, mwaka mzee alipofunga duka ili akakae kwa binti yake. Alimfunga mwenyewe kwa pamba na kumkabidhi.

"Sasa wamekamilika," alimwambia. "Usiwatenganishe."

Ndoa ya wifi yangu ilidumu kuliko kitambaa cha rahisi, lakini si sana. Hakupata mtoto. Kiwanda kilipofungwa, kaka yake, yaani mume wangu, alikwenda kumchukua. Nilimpokea mlangoni: kitanda kimoja, sanduku la nguo, na visanduku vitatu vya mbao ambavyo hakutaka mtu avibebe. Nikadhani ni vyombo. Nikasema moyoni, afadhali, sahani zangu zimepungua. Alipovifungua nikaona tembo.

"Wifi," nikamwambia, "hawa wanalala wapi?"

"Hawalali. Wanatembea."

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama dari. Damu yao moja.

Mume wangu alikuwa seremala wa makabati na majeneza. Alipenda kusema wateja wa makabati ndio wasumbufu, wale wengine hawajawahi kurudi kulalamika. Alimpigia dada yake rafu ndefu kuzunguka chumba, kimo cha macho ya mtu aliyekaa kitandani, mbao laini isiyo na fundo. Lakini chumba chetu cha nyuma ni kidogo. Msafara ulianza pembeni mwa kabati, ukapinda kwenye kona, ukapita ukuta mrefu, ukapinda tena, ukafika mlangoni ukakatika, ukaendelea upande wa pili wa mlango mpaka chini ya dirisha. Na kwa sababu mlango ulifungukia ndani, kila mtu alipoingia ulimfunika mfalme.

"Mfalme gani huyu," mume wangu alikuwa akimtania, "miaka kumi hajafika, na kila mgeni akija anajificha?"

"Wewe endelea na majeneza yako, kaka. Anayejua anakokwenda hana haraka."

"Basi mwambie akifika anikute hai."

Hakumkuta hai. Lakini hayo ni mengine.

Mimi sikuwapenda watu wale. Niseme kweli, nilijifanya siwapendi, na ukijifanya kwa muda mrefu huwezi tena kujua. Nilipoingia kumpelekea chai wifi alasiri, nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, hafanyi chochote. Saa kumi na nusu jua lilipita kwenye vioo vya dirisha, likaingia vipande vipande, likapanda rafuni. Lilianza na wa mwisho, likamfikia ngamia, likamruka mfalme kwa sababu ya mlango, likaenda ukuta mrefu. Kila lilipogusa, rangi ziliamka. Nyekundu ya vilemba. Kijani cha tandiko la tembo, chenye maua madogo ambayo hata mimi, ninayejivunia macho yangu, sikuweza kuyahesabu. Na kwa kuwa mwanga ulikuwa ukisogea, ukitazama bila kupepesa, waliosogea walikuwa wao. Niliwaona mara moja. Nilisimama na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, nikawaona wanatembea, miguu yao midogo ikipanda na kushuka, na nikasikia kitu, sijui ni upepo kwenye mabati au ni nini, kama watu wengi wanaopita mbali sana.

"Umesikia?" wifi akauliza bila kugeuka.

"Nisikie nini? Chai hii inapoa."

Basi ndivyo tulivyoishi. Mume wangu alipofariki tulibaki wawili, yeye na mfalme wake, mimi na sufuria zangu. Mimi nilifua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita, mashuka yenye kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa, na yalitoka meupe. Sufuria zangu unaweza kujitazama ukavaa hereni. Yeye aliwapangusa watu wake kwa unyoya wa kuku, mmoja mmoja, bila hata pumzi. Nilimwambia unyoya hautoi uchafu, unauhamisha tu. Akasema, "Sawa wifi," kama anavyosema siku zote anapokataa.

Kisha macho yake yakaanza kuondoka. Kwanza alikosa tundu la sindano, yeye aliyetunga uzi gizani. Halafu akaanza kumimina chai nje ya kikombe. Daktari wa macho alimpima kwa taa na matone, akamwambia wazi kwamba ni presha ya macho, imekaa muda mrefu bila kujulikana, na mwanga ulioondoka haurudi. Dawa itauchelewesha uliobaki, basi. Kuchelewesha kwa muda gani, wifi akauliza. Daktari akasema, kama una kitu unachotaka kukiona, mama, usikiahirishe.

Tulirudi nyumbani. Alipokaa kitandani akaniambia kitu ambacho hakuwahi kukisema miaka yote ile.

"Wifi, mimi sijawahi kuwaona wamenyooka."

"Kina nani?"

"Hawa. Nilipokuwa nawapata mmoja mmoja, niliwaweka kwenye sanduku. Hapa wamepinda kona mbili na kukatwa na mlango. Mpiga zumari hajawahi kumwona mfalme wake. Nataka niwaone mara moja tu, mstari mmoja, bila kona."

Nikapima kwa macho. Hakukuwa na ukuta katika nyumba yetu wala ya jirani wa kuwachukua. Nikasema nitafikiri. Nilimaliza darasa la saba na kitu kimoja nilichojifunza ni kwamba asiyejua aulize, kwa hiyo nikaenda maktaba ya mtaa wetu, ambako sikuwahi kuingia, nikamuuliza binti wa mapokezi kama wana meza ndefu. Akauliza ya nini. Nikamweleza. Binti yule, mwembamba, miwani imeshuka puani, akaja mwenyewe nyumbani na futi ya kamba. Aliwatazama watu wa wifi saa nzima. Alipoondoka, alisema wataunganisha meza tano kwenye ukumbi wa kusomea, watatandika vitambaa vyeupe, na Jumamosi, baada ya wiki mbili, watu watakaribishwa waje kuona. Akaandika tangazo kwa mkono na kulibandika mlangoni pa maktaba.

Wifi yangu alihesabu siku kwa vidole kama bibi harusi.

Zilipobaki siku tisa, jirani alimpeleka kliniki kuchukua matone yake. Nikaingia chumbani kufagia. Mwanga wa asubuhi ulikuwa dirishani, na dirishani ndipo palipokuwa mkia wa msafara: wale saba wanaomfuata mfalme kwa miguu. Wazee wawili wenye vilemba vyekundu, mchunga ngamia, mpiga zumari wa mwisho, mwenye mgwisho wa kufukuzia nzi, mwanamke mwenye kikapu cha maua, na mtu mmoja wa nyuma kabisa aliyebeba blanketi lililokunjwa. Mungu wangu, vumbi! Wifi hakuwa analiona tena, na unyoya wake ulikuwa ukipita hewani. Nikawaza watu watakavyokuja, wamevaa vizuri, wainame wachungulie, kisha waambizane kwamba katika nyumba ile hakuna mwanamke.

Nikachukua beseni. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, na mikono yangu ambayo haijawahi kushindwa na uchafu wa mtu yeyote. Nikawalaza wote saba ndani, kama ninavyolaza vikombe, nikaenda kugeuza sufuria jikoni.

Niliporudi, maji yalikuwa ya waridi, na ndani yake njano ikizunguka taratibu kama moshi, na bluu nyembamba ikiifuata. Yalikuwa maji mazuri. Nilisimama nikiyatazama kabla sijaelewa, na nilipoelewa, nikatumbukiza mikono yote miwili. Wa kwanza kumtoa alikuwa mzee wa kilemba. Kilemba kilikuwapo, mabega yalikuwapo. Uso ulikuwa laini kama yai.

Sikujua kwamba udongo ule haukupita motoni. Ulianikwa juani tu, ukapakwa rangi za gundi. Mimi maisha yangu yote, chungu, kikombe, tofali, chochote cha udongo kimechomwa. Nani anaweza kumfinyanga mtu kwa taabu yote ile halafu asimchome? Wifi angeniambia kama ningeuliza. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa mtu asiyewajali.

Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagika na nyuso saba. Niliwakausha kivulini juu ya taulo. Miili ilikaza tena, kwa bahati. Nikawarudisha rafuni kila mmoja mahali pake, kimo chao kimepungua kidogo, rangi zimebaki kama nguo iliyofuliwa mwaka mzima.

Wifi aliporudi akasimama mlangoni akivuta hewa.

"Chumba kinanukia sabuni."

"Nimepiga deki."

"Asante, wifi. Naona pamekuwa na mwanga."

Nikaenda jikoni nikakaa chini.

Siku ile sikusema, wala kesho yake. Mtu akichelewa kusema jambo siku moja, siku ya pili ana makosa mawili. Nilimpikia vitu anavyopenda mpaka akaniuliza kama nina mgonjwa. Alhamisi binti wa maktaba alikuja kuhesabu watu wake. Alipofika dirishani kidole chake kikasimama hewani. Akanitazama mimi, akamtazama wifi aliyekuwa akitabasamu kitandani, akaandika kitu kwenye daftari. Nilimsindikiza hadi getini.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "wale wa mwisho..."

"Najua."

"Na yeye anajua?"

"Atajua."

Akavuta miwani yake juu. "Tunaweza kuwaacha nyumbani. Tumwambie meza hazikutosha. Hataona tofauti, si ndiyo?"

Sitaficha: nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni limevaa viatu. Nilichosema ni, "Nitakujibu."

Ijumaa alasiri tulianza kufungasha. Wifi alikaa kitandani na visanduku vyake vitatu, mimi nikawa nachana pamba na kumpa. Hakuhitaji macho. Alinyoosha mkono rafuni, akamchukua mtu, akampitisha kidole gumba usoni mara moja kama anayemfuta jasho, akamtaja, akamfunga. "Mbeba maji. Zumari. Zumari mdogo. Ngoma." Nilikuwa nikiusikiliza mkono ule unavyosogea. Akampita farasi, akawapita tembo wawili, akainuka kuufunga mlango ili amchukue mfalme. Pamba ilikuwa imelowa kiganjani mwangu.

"Wifi," nikasema, "kabla hujafika dirishani..."

Lakini alishafika. Kidole kilipita juu ya mzee wa kilemba, kikasimama, kikarudi, kikapita tena.

 Nje mtu alikuwa akiburuta kiti.

"Maji?" akauliza.

"Maji."

"Ya moto?"

"Vuguvugu."

"Na sabuni."

"Kidogo tu, wifi."

"Wangapi?"

"Saba."

Akawachukua mmoja mmoja, akawagusa wote. "Na huyu wa maua?"

"Naye."

"Lini?"

"Siku uliyokwenda kuchukua dawa."

"Siku nane." Aligeuka upande niliokuwa nimekaa. "Siku nane unalala na jambo hili humu ndani. Uliwezaje?"

"Vibaya."

"Unastahili," akasema, na sauti yake ilikuwa ngumu, sijawahi kuisikia. "Miaka ishirini na miwili nakwambia sawa wifi, sawa wifi. Ungeuliza neno moja. Moja! Hata mtoto anauliza, hiki kinaoshwaje."

"Nisamehe."

"Toka kwanza. Niache."

Nikatoka. Nikakaa sebuleni nimeshika pamba. Nilijua nilichokiharibu: hii ndiyo siku moja aliyoiomba, na daktari alishasema hakuna nyingine ya kuikopa, na mimi ndiye niliyeitia maji. Nikamsikia anasogeza visanduku.  Jua lilipofika ukuta mrefu akaniita.

Nilipoingia, rafu ilikuwa tupu. Visanduku vyote vitatu vilikuwa vimefungwa kamba.

Nikamwambia yote, na lile la binti wa maktaba pia, kwamba tunaweza kusema meza hazikutosha. Nilikuwa nimechoka kuficha mambo.

"Wewe ulimjibu nini?"

"Bado sijamjibu."

"Mjibu kwamba watu wangu hawaachwi. Aliyeumia njiani anabebwa." Kisha, baada ya kufikiri, "Na huyo binti naye! Na anavyoonekana mpole vile."

Nikacheka. Hakucheka, lakini hakunifukuza.

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulikuwa mweupe kwa madirisha. Meza tano zilikuwa zimeunganishwa, na vitambaa vimepigwa pasi, si vibaya, ingawa mimi ningefanya vizuri zaidi. Tulianza saa mbili. Wifi aliwapanga kwa mikono, mimi nikimsomea umbali kwa upana wa vidole, binti wa maktaba akitembea nyuma yetu bila kuthubutu kugusa kitu. Saa nne watu walianza kuingia: mafundi cherehani wawili wazee waliowahi kufanya naye kazi, jirani, walimu, mtu aliyekuja kusoma gazeti akajikuta amesimama hapo.

Wifi hakukaa. Aliweka mkono ukingoni mwa meza ya kwanza, mahali pa mbeba maji, akaanza kutembea. Nilitembea kando yake nisimshike, maana hapendi. Sijui kama nitaweza kueleza mwendo ule. Alikwenda hatua moja, akasimama, hatua moja, kama naye yumo ndani ya msafara na ngoma inampangia. Mwanga wa madirisha ulikuwa umelala juu ya meza yote, na rangi zilitiririka katikati ya weupe, nyekundu, kijani, dhahabu, mpaka mwisho wa ukumbi ambako macho yangu mazuri yenyewe yalianza kuziunganisha. Hakuna kona. Hakuna mlango. Watu walisogea kumpisha bila kuambiwa. Mtu mmoja alikohoa akajizuia. Na mimi, nisiyesikia vitu hivyo, nilisikia nyayo nyingi, mbali, kama zile za alasiri.

Alipofika kwa mfalme alisimama zaidi.

"Kumbe ana nafasi mbele yake," akasema taratibu. "Tazama, wifi. Kumbe anaona mbali hivyo."

Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele, na aliyaacha.

Akaenda mpaka mkiani. Pale alisimama mwanamke mmoja aliyevaa vizuri, mwenye mkoba mkubwa, aliyekuwa ameinama juu ya wale saba.

"Samahani," mwanamke akasema, "hawa mbona hawana nyuso? Fundi hakumaliza?"

Nilitamani sakafu ya maktaba inimeze na kadi yangu ya uanachama niliyopewa wiki ile. Nikafungua mdomo niseme ni mimi, ni mimi niliyewaosha.

"Wamemalizwa, mwanangu," wifi akasema. Alikuwa ameinama naye, uso karibu kabisa na meza. Alikaa hivyo, kisha akainuka taratibu na kunitafuta kwa mkono mpaka akanipata begani.

"Wifi. Huu mwaka wa pili, nyote mko hivi. Wewe, jirani, daktari, huyu mama. Mtu ananijia, naona nguo, naona namna anavyoshika mkoba, uso hakuna. Wale wa mbele nimewapita leo nikiwaona kwa kukumbuka. Macho yao nimeyajazia mwenyewe. Lakini hawa saba sijakumbuka chochote. Nimewaona. Hivi ninavyowaona mimi ndivyo unavyowaona wewe?"

Nikawatazama. Mzee wa kilemba alikuwa ameegemeza bega upande mmoja kama mtu anayeumwa goti. Mwanamke wa maua alikuwa amekikumbatia kikapu chake. Yule wa mwisho aliinama kidogo chini ya blanketi lake.

"Ndiyo," nikasema. "Hivyo hivyo."

"Hujanidanganya?"

"Sijakudanganya."

Akashusha pumzi. Yule mwanamke mwenye mkoba alirudi nyuma hatua mbili, akakunja macho, akakaa hivyo kidogo, kisha akamvuta mwenzake kwa mkono na kumnong'oneza asimame pale alipokuwa amesimama yeye.

Binti wa maktaba alileta kiti, akataka kukiweka katikati, kwa mfalme. Wifi akasema hapana, kiwekwe huku. Akakaa mkiani, mkono wake mmoja juu ya meza karibu na mbeba blanketi, mwingine umeshika mkono wangu, ule wa sabuni, na hakuuachia mpaka walipokuja kufunga madirisha.